Dosye ya bendi kwa Kihispania: jina la kazi limeharibika wapi?

Bendi nyingi za Goma huandaa dosye, yaani karatasi za kujitambulisha kwa tamasha, kwa Kifaransa, kisha mtu mmoja anaigeuza Kihispania kwa simu usiku wa kuamkia tarehe ya mwisho. Historia ya bendi hupita bila shida kubwa. Kinachoharibika ni ile orodha fupi ya mwisho, ya nani anafanya nini jukwaani, na hiyo ndiyo karatasi ambayo mtu wa tamasha anaisoma akipanga vyumba, maikrofoni, tiketi na malipo. Neno likikosewa hapo, hakuna atakayekuandikia kwamba umekosea. Utaona tu swali la ajabu kwenye barua pepe, au utafika ukute amplifaya moja haipo. Kwa hiyo tunaanza na dalili, tunarudi nyuma mpaka kwenye neno lenyewe.

Kabla ya yote, jibu maswali mawili. La kwanza: huyu mtu anashika chombo gani, au anafanya nini kwa sauti yake? Achana na cheo chake kwa sasa, maana vyeo vya orkesta za Kongo vimejengwa kwa Kifaransa chetu wenyewe na Mhispania hana kabati la kuviwekea. La pili: karatasi inasomwa nchi gani? Uhispania na Amerika ya Kilatini hutofautiana kwa maneno kadhaa ya muziki, na Malabo, mji wa Guinea ya Ikweta ambako Kihispania ni lugha rasmi, huelekea zaidi upande wa Uhispania. Goma ina kona yake hapa. Mtu aliyeokota Kihispania chake kwa askari wa Uruguay waliokaa mjini miaka mingi chini ya Umoja wa Mataifa atakuambia *tecladista* na *sonidista*. Ni maneno sahihi kabisa, lakini Madrid hayazoeleki.

Dalili: mpiga gitaa wenu yuko kwenye orodha ya wageni, hana amplifaya

Hii ndiyo inayoumiza zaidi. Kwenye dosye ya Kifaransa kuna *accompagnateur*, mpiga gitaa anayeshikilia mwendo wa wimbo. Mfasiri akaandika *acompañante*. Kwa Kihispania *acompañante* ni mtu anayefuatana na mwingine: mwenzi, rafiki, mlezi wa mgonjwa. Mtu wa tamasha akiona jina na neno hilo pembeni, anaelewa kwamba kuna mwanamuziki mmoja na mtu aliyekuja naye. Anampa kadi ya mgeni, anamwondoa kwenye malipo, na hahesabu kifaa chochote kwa ajili yake.

Andika *guitarra rítmica*. Inaeleweka Madrid, Bogotá, Montevideo na Malabo. *Guitarra de acompañamiento* nayo inakubalika, kwa sababu sasa neno la kusindikiza limefungwa kwenye gitaa, si kwenye mtu.

Upande wa solo kuna mtego wa namna hiyohiyo. *Soliste* kwetu ni mpiga gitaa anayebeba sebene, ile sehemu ya wimbo ambapo magitaa yanachezesha watu. *Solista* peke yake kwa Kihispania ni mwimbaji asiye na kundi, au mpiga violini anayesimama mbele ya orkesta ya noti. Dalili yake: wanauliza kama huyo *solista* ataimba kwa dakika ngapi, au wanampangia saa yake peke yake kwenye ratiba. Rekebisha kwa *guitarra solista*. Amerika ya Kilatini utakuta pia *guitarra líder* na *primera guitarra*, lakini *guitarra solista* haikosi mahali popote.

Kisha mi-solo, gitaa la tatu linalokaa kati ya lile la mwendo na lile la solo. Hapa usitafute neno, halipo. Muziki wa Kihispania haukugawa magitaa kwa namna yetu, kwa hiyo hakuna aliyewahi kulihitaji. Wengine huandika *segunda guitarra*, lakini msomaji ataelewa kuwa ni ile ya *rítmica*, na mtabaki na gitaa moja kasoro. Acha jina letu na uweke maelezo mafupi kwenye mabano:

*Guitarra mi-solo (tercera guitarra, entre la rítmica y la solista)*

Mstari huo mmoja unamwambia fundi wa sauti kwamba magitaa ni matatu, kila moja na laini yake. Rudia idadi hiyo kwenye *plano de escenario*, yaani mchoro wa jukwaa, ili karatasi mbili zisipingane.

Besi haina shida sana: *bajo eléctrico* kwa chombo, *bajista* kwa mtu. Epuka *bajo* peke yake ikiwa orodha ina korali pia, kwa sababu *bajo* ni sauti nene ya wanaume, na pia ni kivumishi cha "mfupi".

Dalili: wanauliza noti zilizoandikwa, au wanaandika kwa mzaha kuhusu genge

Sababu ni *chef d'orchestre*. Kwa Kifaransa cha Ulaya huyo ni mtu mwenye kijiti mbele ya violini. Kwa Kifaransa cha Goma, Kinshasa na Lubumbashi ni mwenye bendi au kiongozi wake, mara nyingi akiwa mwimbaji au mpiga gitaa mwenyewe. Mashine haijui tofauti hiyo, nayo inatoa *director de orquesta*. Tamasha linaandaa jukwaa dogo la kusimamia na stendi za noti, kisha linaomba noti zilizoandikwa.

Marekebisho ya haraka ya watu huwa mabaya zaidi. *Chef* kwa Kihispania ni mpishi mkuu wa hoteli, basi. *Conductor* Uhispania ni dereva; Argentina, Uruguay na nchi jirani ni pia mtangazaji anayeendesha kipindi cha televisheni. Na *jefe de la banda* ndilo linalochekesha kuliko yote, maana *banda* ni kundi la muziki lakini pia ni genge la wahalifu, na ukiweka *jefe*, yaani mkuu, mbele yake, maana ya pili ndiyo inayokuja kwanza kichwani.

Lililo salama ni *líder y fundador del grupo*, au *fundadora* akiwa mwanamke. Ikiwa kweli ndiye anayeongoza mazoezi na kuamua mpangilio wa nyimbo, ongeza *director musical*. Cheo cha *président* wa orkesta usikipeleke kabisa. *Presidente* kwenye karatasi ya bendi humfanya msomaji afikirie shirika lenye katiba na mweka hazina.

Neno *orchestre* lenyewe nalo litazame. *Orquesta* Cuba, Colombia na Puerto Rico ni bendi ya kuchezesha watu, kwa hiyo huko linakaa vizuri. Uhispania linagawanyika kati ya orkesta ya noti na zile bendi za sikukuu za vijijini zinazopiga nyimbo za wengine usiku kucha. *Banda* Mexico ni kundi la matarumbeta, na Uhispania *banda de música* ni hivyohivyo. *Grupo* haina rangi wala harufu, na ndiyo sababu tunaipendekeza. Kama mnapiga rumba, andikeni *rumba congoleña* kila mara, kwa maneno mawili. *Rumba* peke yake ni ya Cuba kwa wengine, na kwa Wahispania ni ya magitaa ya flamenko. Orodha za UNESCO zenyewe zimeziweka mbali: ya Cuba iliingia mwaka 2016, yetu mwaka 2021.

Dalili: jukwaani kuna piano kubwa ya mbao, kinanda cha umeme hakuna

Makanisani na kwenye bendi zetu anayepiga kinanda huitwa *pianiste*, hata kama hajawahi kugusa piano yenyewe. Ukiandika *pianista*, watakodi piano. Uhispania mpiga kinanda ni *teclista*. Amerika ya Kilatini ni *tecladista*. Usipojua karatasi itasomwa wapi, ruka mtu, andika chombo: *teclados*.

Njia hii ya kuandika chombo badala ya mtu inafaa orodha nzima, na Wahispania wenyewe hufanya hivyo kwenye majalada ya albamu: *voz*, *coros*, *guitarra solista*, *bajo*, *teclados*, *batería*, *percusión*. Inakuepusha na jinsia ya nomino, inakuepusha na tofauti za nchi, na inampa fundi wa sauti kitu cha kuhesabu. Majina ya watu yenye *-ista* yaweke kwenye wasifu, ambako sentensi zinayahitaji.

Dalili: mpiga drum amekuwa chombo cha jikoni

*Batteur* likisimama peke yake kwenye mstari, bila sentensi ya kulisaidia, mashine inaweza kuchukua maana yake nyingine ya Kifaransa, ile mashine ya kupigia mayai, ikatoa *batidor* au *batidora*. Ikipitia lugha ya tatu inaweza kutoa *bateador*, mchezaji wa besiboli mwenye gongo. Sahihi ni *baterista*, kote. Uhispania utasikia pia *el batería* kwa mwanamume na *la batería* kwa mwanamke, na hapo *la batería* ni drum zenyewe pia, jambo linalochanganya hata wenyewe. Kaa na *baterista*.

Wapiga ngoma za mkono wana majina yao, na haya yanafaa kujulikana kwa sababu orkesta za rumba zilichukua vyombo hivyo kutoka Cuba. Mpiga *congas* ni *conguero*, wa *bongó* ni *bongosero*, wa *timbales* ni *timbalero*. Angalieni mambo mawili. *Conguero* haina uhusiano na uraia wetu. Mtu wa Kongo ni *congoleño* au *congolés*, na tumeona zaidi ya karatasi moja inayosema bendi nzima ni *congueros*. La pili, *timbales* Uhispania ni pia zile ngoma kubwa za shaba za orkesta ya noti. Ukiandika *timbales* kwa ajili ya tamasha la huko, ongeza *latinos*.

Ngoma za asili: *percusión tradicional*, kisha jina la ngoma kwa lugha yake. Likembe, kile chombo kidogo cha ndimi za chuma zinazopigwa kwa vidole, ibaki *likembe* na mabano *(lamelófono)*. Usiigeuze kuwa *piano*, hata kama Wazungu waliwahi kuiita hivyo.

Dalili: wanauliza kama mtu wenu anaweza kuchezesha watoto mchana

Huyu ni atalaku, yule anayepaza sauti kuchangamsha wachezaji wakati wa sebene. Kifaransa chetu kinamwita *animateur*, na *animador* ndilo neno linalofuata kwa urahisi. Lakini *animador* Uhispania ni mfanyakazi wa hoteli ya ufukweni anayechezesha wageni bwawani, au yule wa sherehe za watoto. *Animadora* ni msichana wa kushangilia timu uwanjani. *Presentador* ni mshereheshaji mwenye karatasi mkononi. *Sonero* inakaribia kwa sababu hubuni maneno papo hapo, ila sonero ni mwimbaji mkuu, na atalaku si mwimbaji mkuu.

Acha *atalaku* kama lilivyo na ueleze kazi:

*Atalaku (voz que anima el baile con gritos y consignas durante el sebene)*

Kisha kwenye karatasi ya vifaa mwandikie maikrofoni yake mwenyewe, isiyo na waya kama ipo, maana msomaji asiyemjua atalaku humhesabu kwenye *coros* na kumpa maikrofoni ya kuchangia. Mkienda pwani ya Karibi ya Colombia, Cartagena au Barranquilla, kazi inakuwa nyepesi. Huko mitambo mikubwa ya muziki inayoitwa *picós* imepiga soukous, muziki wa dansi wa Kongo, kwa miongo kadhaa, champeta, muziki wao wa dansi, imekua juu yake, na watu wanajua sauti ya atalaku hata kama hawajui jina lake.

Waimbaji, korali na kiongozi wa sifa

Mwimbaji ni *cantante*, *el* au *la*. Kwenye orodha: *voz principal*. Waitikiaji ni *coros*. Mmoja wao ni *corista*. Ila *corista* ya kike Uhispania ilikuwa pia jina la msichana wa kucheza kwenye maonyesho ya kabareti, kwa hiyo kwa korali ya kanisa andika *miembro del coro*. *Vedette*, ambalo Kifaransa chetu kinalipenda kwa msanii mkuu, liepuke kwa sababu hiyohiyo. Weka *artista principal*. *Cantautor* hutaja mtu anayeimba peke yake nyimbo zake mwenyewe, mara nyingi zenye ujumbe. Anayewatungia wengine ni *compositor*, na aliyeandika maneno tu ni *letrista*.

Sauti za korali zinahitaji jicho. *Soprano* na *tenor* zinabaki. Bass ni *bajo*. Alto ya wanawake ni *contralto*, kwa sababu *alto* pekee ni "mrefu". Na Kifaransa kinaongeza fitina: *alto* yao ni pia kile chombo cha uta kikubwa kuliko violini, ambacho Kihispania kinakiita *viola*. *Violoniste* nayo ni *violinista*, kwa *i*. *Violón* ni jina la zamani la besi kubwa ya kusimama.

Kiongozi wa korali ni *director del coro* au *directora*. Kiongozi wa sifa kwenye makanisa ya kiprotestanti, anayeitwa *conducteur* kila Jumapili mjini, asigeuke *conductor*. Tumeshaona huyo ni dereva. Makanisa ya Kihispania husema *líder de alabanza*. Kwa Wakatoliki anayeanzisha nyimbo ni *animador del canto*, na hapa *animador* linakaa vizuri kwa kuwa *del canto* limelifunga. Anayeimba zaburi ni *salmista*.

Dalili: aliyelipia studio anaulizwa faili za sauti

*Producteur* kwa Kifaransa ni mtu wa pesa. *Productor* kwa Kihispania cha vijana wa studio ni aliyetengeneza muziki. Mwenye pesa: *productor ejecutivo*. Aliyetengeneza: *productor musical*. Kwenye karatasi za haki, sheria ya Uhispania ina neno la tatu, *productor de fonogramas*, yaani anayemiliki rekodi yenyewe. Hili la tatu ni la kusainiwa, kwa hiyo msilijaze kwa jina la mtu kwa sababu tu nafasi ilikuwa tupu.

*Arrangeur* wa studio za Goma mara nyingi ndiye aliyepiga kinanda, akapanga mdundo na kuchanganya sauti. *Arreglista* kwa Kihispania ni aliyepanga sehemu za vyombo tu. Kama alifanya vyote, orodhesha kazi: *producción musical, arreglos y mezcla*. Fundi wa sauti ni *técnico de sonido* Uhispania, *ingeniero de sonido* Amerika ya Kilatini, *sonidista* Argentina na Uruguay. Anayekaa kwenye meza mbele ya watu ni *técnico de sala*, wa spika za wanamuziki ni *técnico de monitores*. Mkifika Uhispania mkisikia mtu wenu wa kubeba na kufunga vyombo anaitwa *pipa*, asikasirike, ni lugha ya mafundi.

Makosa ya herufi na ya jinsia

*Guitariste* yenye *r* moja inazaa *guitarista*, na hilo ni kosa linaloonekana mita mia. Ni *guitarrista*, *rr*. Upande mwingine, herufi nyingi ambazo Kifaransa huzirudia Kihispania huzipunguza: *percusionista*, *clarinetista*, *acordeonista*. Hakuna *ph*: *saxofonista*. *Músico* ina alama juu ya *u*. Bila alama hiyo ni kitenzi. Kitenzi cha kupiga chombo ni *tocar*: *toca la guitarra*. *Juega la guitarra* ni Kifaransa kilichovaa koti la Kihispania.

Majina ya *-ista* hayabadiliki kwa mwanamke, kinachobadilika ni *el* na *la*. Yanayobadilika ni *compositor/compositora*, *director/directora*, *técnico/técnica*. Mwanamuziki mwanamke ni *la música* au *la músico*. Mkiona utata, taja chombo chake. Wachezaji ni *bailarines* na *bailarinas*. Kamusi itawapa pia *bailaora*, *cantaor* na *tocaor*. Hizo ni za flamenko peke yake, ziacheni kwa wenyewe.

Kwenye kompyuta yenye Windows na kibodi ya Kifaransa, ile ya AZERTY, shikilia Alt na uandike kwa tarakimu za upande wa kulia: 160 kwa á, 161 kwa í, 162 kwa ó, 163 kwa ú, 164 kwa ñ. Kwenye simu bonyeza herufi kwa muda. *Congoleno* bila alama juu ya *n* si neno.

Ukibaki na shaka

Kamusi ya Real Academia Española iko bure kwenye dle.rae.es. Soma vifupisho kabla ya maana: *m. y f.* ni neno la jinsia zote mbili, *Esp.* ni Uhispania, *Am.* ni Amerika, *Arg.* na *Ur.* ni Argentina na Uruguay. Kisha tafuta neno kwenye picha za intaneti pamoja na jina la nchi. Ukiandika *batidora* ukaona mashine za jikoni, jibu umepata. Mwisho, geuza orodha kutoka Kihispania kwenda Kiswahili kwa mashine nyingine, si ileile uliyoanza nayo, kwa sababu ileile itarudisha neno uliloipa na kukuficha kosa.

Kwenye fomu ya viza kuna shimo moja zaidi. *Interprète*, yule anayeimba nyimbo zilizotungwa na wengine, huwa *intérprete*, na *intérprete* ni pia mkalimani. Afisa akisoma hivyo anaweza kuuliza cheti cha lugha. Andika *cantante*, au *músico* na chombo chake, na neno hilohilo lirudie kwenye barua ya mwaliko, kwenye mkataba na kwenye orodha ya jukwaa.